Somo: Kumfundisha mwanachuo kusoma akaelewa

Wanachuo wengi tunaowapokea hapa Mombasa wanajua kusoma. Mpe aya, atakusomea kwa sauti bila kukwama. Muulize imesema nini, ataanza kuisoma upya. Kazi yetu wahadhiri inaanzia hapo, na haitaki vifaa zaidi ya fotokopi ya kurasa mbili.

Hatua ya 1: Tumia matini ya kozi yao. Achana na visa vya ufahamu vya shule ya upili. Wa uhasibu apewe uhasibu, wa ubaharia apewe kanuni za usalama melini.

Hatua ya 2: Kabla ya kusoma, watazame vichwa, majedwali na aya ya mwisho, kisha kila mmoja aandike maswali mawili anayotaraji kujibiwa. Dakika tano, basi.

Hatua ya 3: Fikiri kwa sauti mbele yao. Wengi wetu huiruka hii, na ndiyo yenye uzito, kwa sababu mwanafunzi hajapata kusikia yanayopita kichwani mwa msomaji hodari. Tuseme ni darasa la utalii na matini inasema: "Wareno walianza kujenga Fort Jesus 1593. Waomani waliizingira 1696, wakaiteka 1698." Mimi husimama papo hapo: "Ngoja kwanza. 1696 hadi 1698? Ngome moja, zaidi ya miaka miwili? Waliokuwa ndani walikula nini? Pengine msaada ulipitia baharini. Hapa hawajasema, naweka alama ya kuuliza pembeni, nisonge." Chini kidogo inatajwa meli ya msaada kutoka Goa, makao ya Wareno kule India, nami narudi juu kuifuta ile alama mbele ya macho yao. Ukikwama, kwama waziwazi. Wakuone ukirudi nyuma.

Hatua ya 4: Makundi ya wanne. Mmoja abashiri yajayo, mmoja aulize, mmoja afafanue magumu, mmoja afupishe. Aya ikiisha, wabadilishane. Mbinu hii ilielezwa na Annemarie Palincsar na Ann Brown wa Marekani mwaka 1984, kwa wanafunzi wadogo kuliko wetu. Ndiyo maana watu wazima huicheka mwanzoni. Vumilia.

Hatua ya 5: Karatasi zifunikwe, kila mtu aandike anachokumbuka. Watalalamika kwamba heri kurudia kusoma. Watafiti wa kumbukumbu Roediger na Karpicke walilipima hilo 2006: baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza, lakini baada ya wiki waliojaribu kukumbuka waliwapita. Na mtihani hauji baada ya dakika tano.

MASWALI YA WAHADHIRI WENZANGU

Swali: Asante mwalimu. Wangu hupaka kila mstari rangi ya njano. Niwapokonye kalamu?
Jibu: Waachie, lakini wamalize aya kwanza, halafu wapake sentensi moja tu. Watabishana ipi. Waache wabishane.

Swali: Nina wanafunzi zaidi ya mia ukumbini na viti havisogei. Makundi yatatoka wapi?
Jibu: Wawili wawili, kila mtu na jirani yake. Mmoja aulize, mwenzake ajibu, kisha wageuzane. Hutawasikia wote, sikiliza safu mbili tatu, kesho nyingine.

Swali: Matini ni ya Kiingereza, wao hujadili kwa Kiswahili, na Sheng juu. Mkuu wangu wa idara hapendi.
Jibu: Mimi napenda. Mtu akikueleza kwa Kiswahili alichosoma kwa Kiingereza, ujue hakukariri. Muhtasari wa mwisho ndio waandike kwa Kiingereza, maana ndicho watakachoulizwa kwenye mtihani. Mwalike mkuu wako aketi nyuma ya darasa siku moja, asikilize.

Swali: Na kamusi ya kwenye simu, mwalimu?
Jibu: Wakisie maana kwanza kutokana na sentensi. Neno likiendelea kuwasumbua, simu zitoke, kisha zirudi mfukoni.