Kuchagua daki yenye sauti iliyoiva: ninavyofanya hapa Mtwara

Miezi mingi ya mwaka wateja huniletea sabufa zilizoungua. Minada ya korosho ikishaanza, Oktoba hivi, maswali hubadilika: "Fundi, nina hela kidogo, nataka muziki wa nyumbani usikike kama wa zamani." Msimu mmoja alikuja mwalimu mstaafu wa Mikindani. Ana amplifaya nzuri, spika mbili za mbao, na nyimbo zake za taarab ziko kwenye kompyuta mpakato. "Sauti ipo," akasema, "lakini ganuni inalia kama vijiko kwenye bakuli."

Wauzaji wangemwambia atafute "sauti ya joto". Mimi nasema sauti iliyoiva: besi imeshiba, mwimbaji yuko mbele, sauti za juu hazichomi. Daki, yaani kisanduku kinachogeuza namba za dijitali kuwa mawimbi ya umeme ya kuingia kwenye amplifaya, inaweza kusaidia. Ila mchango wake ni mdogo kuliko matangazo yanavyodai, kwa hiyo usitoe hela kabla ya kupita hapa.

Hatua ya 1: Piga kofi sebuleni

Simama katikati ya sebule upige kofi moja kali. Ukisikia mlio mwembamba umebaki unatetemeka hewani, mgonjwa wa kwanza ni chumba. Nyumba zetu za siku hizi ni vigae chini, saruji ukutani, madirisha makubwa ya vioo. Kwa Mwalimu tulitandika zulia zito kati ya spika na kochi, tukaning'iniza pazia nene ukutani, na spika tukazisogeza mbele kidogo. (Mkeka wa ukindu hausaidii kitu, ni mwembamba mno.) Vijiko vikapungua siku hiyo hiyo.

Angalia na nyimbo zenyewe. Wimbo wa MP3 uliobanwa sana, wa kbps 64, umeshapoteza vitu ambavyo hakuna daki itakayovirudisha.

Hatua ya 2: Jua utamu unatoka wapi

Watu huanza na jina la chipu. Utasikia ESS ni kali, AKM ni laini, Burr-Brown ni nzito. Nami niliimba hivyo hivyo miaka ya mwanzo. Ukweli ni kwamba chipu nzuri za leo, zikiunganishwa vizuri, makosa yake ni madogo kuliko sikio linavyoweza kukamata. Angalia zaidi kilichoizunguka chipu.

Anza na filta. Zipo daki zisizo na filta ya dijitali, mafundi wanaziita NOS. Ukizipigia faili la CD, la kHz 44.1 (sampuli 44,100 kwa sekunde), sauti za juu hushuka zenyewe: kwenye kHz 10 imepungua robo tatu ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) hivi, kwenye kHz 20 karibu desibeli 3. Mwalimu ana miaka zaidi ya sabini, kHz 20 haimhusu tena, lakini ule mteremko wa kabla yake unamgusa. Sehemu kubwa ya kinachosifiwa kuwa "utamu wa analojia" ni huo. Nyingi za NOS hutumia ngazi ya rezista, R2R, badala ya chipu za delta-sigma, aina iliyoenea leo. Ngazi ya bei rahisi yenye rezista zisizolingana huleta mikwaruzo kwenye sauti ndogo ndogo, kwa hiyo neno R2R peke yake lisikulevye. Daki nyingi za delta-sigma nazo zina kitufe cha kuchagua filta. Jaribu ile ya mteremko wa polepole kabla hujaitukana chipu.

Halafu kuna sehemu ya kutolea sauti, hasa ya valvu (zile taa za kioo za redio za zamani). Valvu huongeza harmoniki ya pili: noti ya Hz 440 husindikizwa kwa mbali na Hz 880, oktava moja juu, na sikio huona noti imenenepa. Nakubali, inapendeza. Mimi niliagiza moja mtandaoni, valvu mbili juu, zinang'aa rangi ya machungwa. Usiku umeme ulipokatika nikaifungua kwa tochi: chini ya kila valvu kulikuwa na kitaa cha LED, na waya wa sauti ulipita pembeni, haukuzigusa valvu kabisa. Valvu ya kweli hupata moto ukiisogelea kwa kiganja, na inahitaji nusu dakika hivi kabla sauti haijakaa sawa. Ikiimba papo hapo, kuwa na shaka.

Ukikutana na TDA1541A, chipu ya Philips ya miaka ya 1980, yenye alama ya taji (ya zile zilizochaguliwa kwa ubora) na bei ya kutupa, pita. Zinafutwa juu na kuchapwa upya.

Hatua ya 3: Angalia matundu

Kompyuta na simu hutumia USB. Televisheni nyingi zina tundu la waya wa mwanga. Ingia kwenye mipangilio yake uchague PCM, yaani sauti isiyobanwa, la sivyo daki itanyamaza au itatoa makelele. Volti 2 za kutolea zinatosha amplifaya yoyote ya nyumbani.

Hatua ya 4: Sikiliza mvumo

Chomeka daki, usipige wimbo, ongeza sauti. Ukisikia "mmmm", chomoa chaji ya kompyuta. Ukikoma, daki haina kosa: ni mzunguko wa ethi kati ya chaji na amplifaya. Tumia waya wa mwanga kama upo, maana haupitishi umeme.

Hatua ya 5: Linganisha kwa sauti sawa

Hapa ndipo wengi huliwa hela. Daki inayotoa sauti kubwa kidogo tu huonekana tamu zaidi, na muuzaji analijua hilo. Mimi natumia deki ya CD inayotoa dijitali kwa matundu mawili kwa pamoja, la mwanga na la koaksi (waya wa shaba), kila moja kwenye daki yake, kisha daki zote mbili kwenye amplifaya moja. Piga mlio wa Hz 200, pima volti za AC kwenye nyaya za spika. Zile mita ndogo za njano nyingi huanzia volti 200 kwa AC, hazifai. Tafuta yenye kipimo cha volti 2. Ya kwanza ikisoma 1.00, rekebisha ya pili mpaka iwe kati ya 0.99 na 1.01, uweke alama za penseli kwenye solotepu kando ya kitufe cha sauti.

Mwalimu alikaa ametupa mgongo, mimi nabadilisha, mjukuu wake anaandika daftarini. Kabla ya kupima aliapa kwamba ya valvu (nyingine, ya kweli) ndiyo yenyewe. Ilikuwa inatoa volti 2.6 dhidi ya 2 za daki ya kawaida, desibeli 2 na ushei. Tulipozisawazisha akapatia mara tano kati ya kumi. Ndipo nikaweka ile ndogo ya NOS. Akaitambua mara tisa, akanyamaza, akaomba ganuni irudiwe.

"Hiyo iache hapo, fundi."

Hatua ya 6: Chumvi na radi

Hewa ya bahari hapa hugeuza matundu ya RCA, ya kuchomekea nyaya za sauti, kuwa ya kijani. Kila mwezi chomoa, zungusha plagi mara mbili tatu, futa kwa spiriti safi. Daki ndogo isiyo na valvu mimi naiacha imewashwa mchana na usiku, ule ujoto wake mdogo unafukuza unyevu. Desemba radi zikianza nachomoa kila kitu, na waya wa antena pia.