Namna ya kuandika wasifu wa mwanasiasa wa Uholanzi kwa msomaji wa Mtwara na Lindi

Nilipoandika kwa mara ya kwanza habari za Ahmed Aboutaleb kwa ajili ya wanafunzi wangu wa somo la Uraia, niliandika kwamba aligombea umeya wa Rotterdam akachaguliwa na wananchi. Jirani yangu wa Mikindani, mzee aliyewahi kuwa diwani, aliisoma karatasi ile akiwa amekaa barazani kwake, akainua macho, akaniuliza: "Mwalimu, huyu kata yake ilikuwa ipi?" Sikuwa na jibu, kwa sababu Aboutaleb hakuwa na kata, hakugombea, na hakuna mwananchi wa Rotterdam aliyempigia kura ya umeya. Tangu siku hiyo nimeshika utaratibu ninaoueleza hapa, ambao msingi wake ni huu: unapoandika maisha ya kiongozi wa nchi nyingine, tafsiri kwanza njia aliyopitia kukifikia cheo, na jina la cheo lifuate baadaye.

Anza kwa kuorodhesha vyeo vyake vyote kwa mfuatano wa miaka katika ukurasa mmoja, bila kumsifu wala kumlaumu. Kwa Aboutaleb ukurasa huo utaonyesha kwamba alizaliwa Moroko mwaka 1961, akahamia Uholanzi mwaka 1976 akiwa na umri wa miaka 15, akafanya kazi ya uandishi wa habari na baadaye utumishi katika manispaa ya Amsterdam. Mwaka 2004 aliingia katika baraza tendaji la manispaa hiyo. Novemba 2006 alichaguliwa kuwa mbunge kupitia Chama cha Kazi. Februari 2007 akawa naibu waziri anayeshughulikia masuala ya jamii na ajira. Na Januari 2009 akaapishwa kuwa meya wa Rotterdam, kazi aliyoifanya hadi Oktoba 2024.

Kisha mbele ya kila cheo andika majibu ya maswali matatu: nani alimweka, nani angeweza kumwondoa, na alilazimika kuachia nini ili akipate. Usiyaruke hata kama majibu yanaonekana dhahiri, kwa maana hapo ndipo mazoea yetu yanapotudanganya.

Chukua neno "meya". Kwetu, meya wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani au ya Lindi ni diwani ambaye madiwani wenzake wamemchagua, kwa hiyo msomaji akiliona neno hilo huona nyuma yake kata, kampeni na kura. Uholanzi nafasi ya meya hutangazwa na watu wakaomba kama wanavyoomba kazi. Kamati ya madiwani huwahoji waombaji kwa siri, baraza la madiwani hupendekeza majina mawili yakiwa yamepangwa kwa daraja, Waziri wa Mambo ya Ndani kwa kawaida hulipeleka jina la kwanza, na uteuzi hutolewa kwa amri ya Mfalme kwa muda wa miaka 6 unaoweza kuongezwa. Meya huyo huongoza vikao vya baraza la madiwani bila kuwa na kura ndani yake, na ndiye mwenye dhamana ya utulivu na usalama wa mji. Ukipima vizuri utaona kwamba ana kitu cha meya wetu, kwa kuwa anaongoza kikao, na kitu cha Mkuu wa Wilaya, kwa kuwa ameteuliwa na anasimamia usalama. Mimi hulibakiza neno "meya" na kuweka maelezo hayo papo hapo, katika sentensi ileile, kwa sababu maelezo yanayokuja kurasa mbili baadaye humkuta msomaji ameshaelewa vibaya. Ukishaeleza hivyo, haitamshangaza tena kusikia kwamba mwanasiasa aliyejulikana Amsterdam alikwenda kuongoza Rotterdam.

Cheo chake cha mwaka 2004 ni kigumu zaidi. Kiholanzi huitwa wethouder, na wafasiri wengi huandika "diwani", jambo ambalo ni kosa tangu sheria ya mwaka 2002 ilipotenganisha kazi hizo mbili. Madiwani, ambao Amsterdam na Rotterdam ni 45 kila mji, huwachagua wajumbe wa baraza tendaji, wanaweza kuwaondoa kwa kura, na diwani anayechukua nafasi hiyo huachia udiwani wake. Kila mjumbe hupewa sekta yake, kama elimu au nyumba. Tena asiitwe "mkurugenzi", kwa kuwa mkurugenzi wetu ni mtumishi wa serikali aliyeteuliwa, naye wethouder ni mwanasiasa. Andika "mjumbe wa baraza tendaji la manispaa", halafu eleza mara moja.

Ubunge unahitaji uangalifu wa namna nyingine. Msomaji wa Ruangwa anamkumbuka Kassim Majaliwa, aliyeingia bungeni mwaka 2010 kwa jimbo hilo na kuwa Waziri Mkuu mwaka 2015 huku akibaki mbunge wake, tena kwa lazima, maana Katiba yetu inataka waziri awe mbunge. Uholanzi mambo yako kinyume kabisa. Bunge lao lenye viti 150 huchaguliwa kwa orodha za vyama, na viti hugawanywa kwa uwiano wa kura za nchi nzima, kwa hiyo hakuna jimbo, na kuandika "mbunge wa Amsterdam" ni kumtungia mtu jimbo ambalo halipo. Mbunge anayeingia serikalini hujiuzulu ubunge, na kiti chake humwendea anayefuata katika orodha ya chama bila uchaguzi mdogo. Ndiyo sababu ubunge wa Aboutaleb ulidumu miezi michache tu. Usipolieleza hilo, msomaji wa Newala atadhani alishindwa kazi au alifukuzwa, na utakuwa umemvunjia mtu heshima bila kukusudia.

Kwa cheo cha mwaka 2007, ambacho ukikitafsiri neno kwa neno kitatoka "katibu wa nchi", tumia "naibu waziri" bila wasiwasi, kwani huko kama ilivyo kwetu mwenye cheo hicho yuko chini ya waziri na si mjumbe wa Baraza la Mawaziri. Mikoa yao 12 na Seneti yenye viti 75 ziache, isipokuwa kama mtu unayemwandika alipita huko.

Baada ya hapo ndipo uandike, ukifuata maisha ya mtu na kuingiza maelezo ya vyeo pale anapovifikia. Epuka kuipa safari yake sura ya ngazi inayopanda kutoka mjini hadi taifani, kwa sababu Aboutaleb alitoka manispaa, akapita bungeni na serikalini, kisha akarudi manispaa, na wenzake hawakuona kurudi huko kuwa ni kushuka. Rotterdam ni mji wa bandari kubwa kuliko zote za Ulaya, na kuuongoza kwa zaidi ya miaka 15 ni uzito ambao watu wa Mtwara, wanaoijua bandari na wanaojua kinachotokea korosho zinapokosa meli, wanaweza kuupima wenyewe ukiwapa taarifa sahihi.

Rasimu ikikamilika, mpe mtu aliyewahi kukaa katika kikao cha baraza la madiwani aisome mbele yako, nawe ukae kimya. Niliporudi kwa yule mzee na karatasi ya pili, aliisoma hadi mwisho, akaiweka mkekani, na swali lake safari hii lilikuwa kama Mfalme anaweza kulikataa jina lililopendekezwa na madiwani.