Kuchanganya asidi kwenye chakula cha ng'ombe wa kunenepesha

Jirani wa Nachingwea ananenepesha kwa makopa (muhogo mkavu), pumba za mahindi na mashudu ya ufuta. Madume yake yalikuwa yanaacha unga mweupe wa asidi chini ya hori, na huo unga ndio ghali kuliko vyote. Tulivyorekebisha ni hivi.

1. Chagua asidi. Wanga wa makopa huchacha upesi tumboni, asidi ya laktiki ikarundikana, ng'ombe akaacha kucheua. Asidi ya maliki na ya fumariki huwasaidia bakteria wa tumboni kuitumia hiyo laktiki. Nunua ya unga, ya mifugo, yenye lebo. Ya fomiki inaunguza ngozi. Kwa mfugaji mdogo mimi siipendekezi kabisa.

2. Zoesha. Pumba na makopa viongezeke kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu. Majani makavu kwanza, kila siku.

3. Changanya. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Pima kwa mzani wa jikoni, usikadirie kwa kijiko. Lebo ikisema kilo 2 kwa tani, kilo 100 za chakula zinataka gramu 200. Ukizimwaga moja kwa moja kwenye rundo, dume mmoja atakula za wenzake. Changanya gramu hizo na kilo 1 ya pumba laini, kisha ongeza kilo 5, kisha 20, ndipo umalizie rundo zima juu ya turubai, ukiligeuza kwa koleo mara kadhaa.

Molasi ije mwisho, imezimuliwa kwa maji. Ikitangulia, unga unashika madonge, na ng'ombe ni hodari wa kuyasukuma kando kwa ulimi. Usijaribu kuyeyusha fumariki kwenye ndoo ya maji baridi, haiyeyuki vizuri. Magadi usiyatie kwenye mchanganyiko huu wenye unyevu: yatatoa povu na asidi yako itaisha nguvu palepale. Tumia ndoo za plastiki, bati linaliwa. Funga mdomo na pua, vumbi lake linawasha. Na kwa unyevu wa pwani, Lindi mjini au Mikindani, mfuko ukishafunguliwa hamishia kwenye ndoo yenye mfuniko.

4. Lisha asubuhi na jioni. Mavi yakiwa uji wenye povu, punguza makopa, ongeza majani, mwite afisa mifugo.

5. Pima kifua kwa utepe wa kukadiria uzito kila wiki mbili, kabla ya kulisha. Kundi la kwanza, nusu wale bila asidi. Kilo zilizozidi zisipolipa bei ya unga, usinunue mfuko mwingine. Weka hela kwenye mashudu.