Safari ya ndege ya ndani na familia: ubebe nini na kikae begi gani

Ndege ya ndani ya nchi mara nyingi inakaa hewani saa moja, saa moja na nusu, hata katuni moja mtoto anaweza asiimalize. Sasa hesabu na yale mengine: kutoka nyumbani, kufika uwanjani mapema, foleni ya kaunta, foleni ya ukaguzi, kukaa kusubiri, ndege imechelewa, mmetua mnasubiri mabegi, halafu gari mpaka mnakoenda. Hapo umeshakula masaa sita na watoto wako macho muda wote. Kwahiyo mimi ushauri wangu ni huu, pakia kwa ajili ya kusubiri, kuruka kwenyewe hakuna kazi.

Tuanze na karatasi maana bila hizo hamuondoki. Safari ya ndani kwa kawaida haidai pasipoti, lakini kila mtu mzima awe na kitambulisho chenye picha na jina lifanane na lililoko kwenye tiketi. Watoto bebeni vyeti vyao vya kuzaliwa, hasa yule wa kupakatwa, kwasababu mtoto wa kupakatwa anatakiwa awe chini ya miaka 2 na kaunta wana haki ya kutaka kuona tarehe. Usitegemee picha ya cheti kwenye simu peke yake, kuna wanaokubali na kuna wanaokukatalia huku foleni inakuangalia. Na kama mtoto anatimiza miaka 2 mkiwa hukohuko safarini, tiketi ya kurudi itabidi awe na siti yake, watu wengi hili hawalifikirii mpaka siku yenyewe.

Kilo sasa. Kwenye ndege kubwa kubwa utakuta kilo 20 au 23 kwa mtu kwa begi la chini (lile unalokabidhi kaunta), ila tiketi za bei rahisi siku hizi nyingi hazina begi la chini kabisa, unalilipia pembeni. Na vile vindege vidogo vya abiria kumi na kidogo mara nyingi ni kilo 15 tu pamoja na begi la mkononi, na wanataka begi laini, ukija na sanduku gumu la magurudumu haliingii. Soma tiketi kabla hujafungua kabati. Kupima nyumbani ni rahisi, panda kwenye mzani na begi, shuka uliache, panda tena mwenyewe, toa.

Halafu ukipanga mabegi ya chini usifanye lile kosa la begi la baba, begi la mama, begi la watoto. Changanya! Kila begi liwe na nguo kidogo za kila mtu, ili moja likibaki nyuma (na yanabaki kweli) asiwepo mtu wa kulala na nguo ya safari siku tatu.

Begi la muhimu kuliko yote ni lile dogo linalokaa chini ya siti ya mbele yako. Nasisitiza chini ya siti, sio kabati la juu, kwasababu taa ya mikanda ikiwaka huruhusiwi kusimama na ndio muda huohuo mtoto atakaotaka kutapika. Humo weka nepi, hesabu moja kwa kila masaa mawili ya siku nzima halafu ongeza tatu za dharura, waipsi pakiti nzima, nguo kamili ya kubadilisha kwa kila mtoto mdogo na fulana ya mzazi anayempakata. Hii ya fulana ya mzazi watu wanaidharau, mtoto anatapika anabadilishwa ananukia vizuri, wewe unashuka na maziwa begani. Ongeza mifuko miwili mitatu inayofungwa vizuri kwa nguo zilizochafuka. Mfuko wa kutapikia kawaida upo kwenye mfuko wa siti, hakikisha upo kabla hamjaruka, maana aliyekaa hapo kabla yenu anaweza akawa aliutumia na bado haujawekwa mwingine.

Dawa zote zinazotumika kila siku zikae na wewe ndani, pumu, kisukari, za kifafa, chochote, tena kwenye makasha yake yenye jina. Zikienda chini na begi likapotea mmekwisha. Syrup ya homa na maumivu na kijiko chake cha kupimia pia. Kuna wazazi wanampa mtoto dawa ya mafua ili alale, mi sishauri, watoto wengine zile dawa zinawafanya kinyume kabisa, hawalali na wanakuwa wasumbufu balaa, na hata hivyo safari ya saa moja unamlaza ili iweje?

Masikio ndio kilio kikubwa cha watoto kwenye ndege. Wakati wa kushuka presha ya hewa ndani ya ndege inabadilika na kile kimrija kinachounganisha sikio na koo kwa mtoto ni chembamba, kinaziba. Kumeza mate ndio kunakifungua. Kwahiyo mchanga anyonye ziwa au chupa, mkubwa kidogo anywe kwa mrija, aliyefika umri wa pipi au bablish mpe. Wazazi wengi wanampa wakati ndege inapaa, pipi inaisha, wakati wa kutua ambako ndio kunauma zaidi hawana kitu. Weka akiba. Ndege inaanza kushuka kama nusu saa kabla ya kutua, sikiliza tangazo la rubani, na kama mtoto amelala muamshe hapo, maana aliyelala anameza mara chache. Mwenye mafua makali au sikio linalouma aonwe na daktari kabla ya safari.

Maji na maziwa. Ile sheria ya kutopita ukaguzi na kimiminika kwenye chombo kinachozidi mililita 100 ilianza mwaka 2006 na safari za kimataifa sehemu nyingi bado ipo, za ndani inategemea nchi, Marekani kwa mfano wanaitumia hata kwenye safari za ndani, kwingine hawajali. Maziwa na chakula cha mtoto mchanga kwa kawaida yanaruhusiwa zaidi ya hapo ila unayatoa wayaangalie. Njia salama ni chupa tupu, unajaza ukishapita ukaguzi. Na zile chupa za watoto zenye mrija wa kufyatua, mkishapaa usimwachie mtoto afyatue mwenyewe, hewa ndani ya ndege inakuwa kama mko kwenye mlima wa mita 1800 mpaka 2400, ya ndani ya chupa imetanuka inataka kutoka, maji yanaruka mpaka kwa jirani. Legeza kifuniko kwanza kidogo. Chakula beba kikavu kisichonuka na kisichodondosha makombo mengi, na beba zaidi ya unavyodhani kwasababu ya delay.

Pawabanki ni lazima iwe ndani na wewe, hairuhusiwi begi la chini, betri zile zikishika moto huko chini hakuna wa kuziona. Mwisho bila kuomba ruhusa ni saa-wati 100 (Wh, kipimo cha umeme unaokaa kwenye betri), chukua namba ya mAh iliyoandikwa kwenye pawabanki zidisha 3.7 gawa kwa 1000, ya 20,000 inakuja 74 haina shida. Ila sikia hapa, ndege za mapanga zina makabati madogo na mara nyingi mlangoni wanakuchukulia begi la mkononi wakaliweke chini. Likichukuliwa toa pawabanki, dawa, karatasi na pesa palepale, ndio maana navitaka kwenye kile kibegi cha chini ya siti toka mwanzo.

Kwa burudani pakua katuni nyumbani, halafu weka simu airplane mode ujaribu kama zinacheza, kuna programu zinakuambia zimepakua na bila intaneti hazifunguki. Hedifoni za mtoto msisahau jamani, abiria wengine hawajalipa kusikiliza ule wimbo wa herufi. Kitabu cha kuchora na rangi chache vinatosha, usibebe vitu vya duara vinavyobingirika wala mdoli wa kupiga kelele. Bunduki ya kuchezea iacheni nyumbani, ukaguzi hawaipitishi, na mkasi wa shule upelekeni begi la chini.

Kigari cha mtoto kiwe cha kukunja, sehemu nyingi unakisukuma mpaka mlangoni mwa ndege wanakifunga lebo, wakati wa kutua unaweza kukipata pale pale au kwenye mkanda wa mizigo, uliza mapema. Kila mtu sweta na soksi, ndani kuna baridi hata kama nje mnaungua.

Vile vikaratasi vya namba za mabegi wanavyobandika nyuma ya bodingi pasi msivitupe mpaka mabegi yote yako mkononi, na yapige picha kabla hamjayakabidhi. Begi lisipotokea ripotini kaunta humohumo ndani kabla hamjatoka ukumbini na mpewe namba ya ripoti, ukishatoka nje kufuatilia kunakuwa kugumu mara mbili.