Desmodiamu Si Gugu: Acheni Kuilima

Ndugu wakulima, naandika kwa sababu ya jembe. Kila msimu naitwa kwenye shamba la vuta-sukuma ambalo mwenyewe anasema "limekataa". Ananionyesha kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kimechanua maua ya zambarau katikati ya mahindi, kisha ananiambia kwamba mbegu ya desmodiamu (mmea wa jamii ya kunde unaotambaa) niliyomshauri atafute ilikuwa mbovu. Nikiinama kwenye mstari ambao desmodiamu ilipaswa kuwapo, nakuta udongo uliotifuliwa vizuri, hauna hata unyasi mmoja. Palizi safi kabisa. Ukipekua kando ya shimo la panya au karibu na kisiki ambako jembe halikufika, unaikuta desmodiamu mbili tatu zimesimama, zina afya tele. Mbegu haikuwa mbovu. Iliota, ikatoa majani manne au matano, ikalimwa pamoja na magugu.

Sitaeleza tena vuta-sukuma ni nini. Mnajua kwamba nyasi ya nepia (mabingobingo) au ya brakiaria inayozunguka shamba huwavuta nondo wa bungua (kiwavi anayetoboa mabua) na wa viwavijeshi vamizi wakatage huko, na desmodiamu iliyo kati ya mistari ya mahindi huwasukuma kwa harufu yake. Jambo ambalo wengi hawalitii moyoni ni kwamba nusu ya kazi ya desmodiamu iko chini ya ardhi, na ndiyo maana kuilima kunagharimu kuliko mnavyodhani.

Mbegu ya kiduha hulala udongoni mpaka ihisi mzizi wa mahindi, mtama au mpunga umekaribia. Mzizi ule hutoa kemikali, mbegu ikaamka, ikajishikiza na kuanza kunyonya. Mzizi wa desmodiamu nao hutoa kemikali, ila za aina mbili. Moja huamsha mbegu ya kiduha. Nyingine huzuia kimzizi chake kisirefuke wala kushika mzizi wa mahindi. Mbegu iliyokwisha kuamka haiwezi kurudi kulala, kwa hiyo hufa hapo hapo bila kumdhuru yeyote. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, huko Mbita nchini Kenya, kando ya Ziwa Victoria, walipokuwa wakishirikiana na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, katika miaka ya 1990, walikuwa wanatafuta mmea wa kumfukuza bungua. Kupungua kwa kiduha kwenye mahindi yaliyopandwa na desmodiamu ni jambo walilolikuta humo humo shambani.

Sasa piga hesabu. Mche mmoja wa kiduha unaweza kutoa mbegu 50,000 na zaidi, ndogo kama vumbi, na mbegu hizo zinaweza kudumu ardhini zaidi ya miaka 10. Ukilima mita 2 tu za mstari wa desmodiamu, umefungua mlango wa mita 2. Miche mitano ya kiduha ikichanua hapo na kudondosha mbegu, upepo, maji ya mvua na nyayo zako mwenyewe vitazisambaza shamba zima. Tena usidhani utaliona tatizo mapema. Kiduha huanza kunyonya mahindi kikiwa bado chini ya udongo, kwa hiyo siku unayoona ua lake, hasara ya msimu huo imekwisha kutokea.

Sehemu ya kosa hili ni yetu maafisa ugani, na nalikiri. Miaka ya nyuma nilifundisha kwa kuonyesha desmodiamu kubwa iliyotambaa na kufunika ardhi. Mkulima akaenda nyumbani akiwa na picha ya mmea uliokomaa, kisha wiki ya tatu akakutana na kitoto asichokifahamu. Basi tukijue kitoto. Kinapoota hutoa majani machache mazima yasiyogawanyika. Baadaye ndipo huja majani ya vipande vitatu, kama ya maharage lakini madogo na yenye vinywele. Desmodiamu ya jani la fedha ina mstari mweupe usio sawa katikati ya jani. Ile ya jani la kijani, inayostahimili ukame zaidi, ina madoa madogo ya kahawia iliyoelekea wekundu juu ya jani. Alama hizi hazionekani vizuri kwenye mche wa wiki mbili, kwa hiyo usitegemee macho peke yake. Siku unayopanda shambani, chukua mbegu kiasi cha kubana kwa vidole viwili, panda kwenye kitalu cha mita 1 karibu na nyumba, mahali unapopita kila asubuhi. Kabla ya kwenda kupalilia, kaitazame hiyo kwanza.

Kinga kubwa kuliko zote ni kamba. Desmodiamu uliyoipanda haioti popote ila kwenye mstari uliouchora wewe. Piga kigingi kila mwisho wa mstari, vuta kamba, panda chini ya kamba, na vigingi vibaki ardhini. Nasema vibaki! Nimewaona watu wanaong'oa vigingi jioni ile ile ili wavitumie kwingine, halafu wiki ya tatu wanakisia mstari ulipita wapi. Mahindi yawe na nafasi ya sentimita 75 kati ya mstari na mstari, na desmodiamu ipite katikati kabisa, yaani sentimita 37 na nusu kutoka kila upande. Kifereji chake kiwe na kina cha sentimita 1 hadi 2, wala kisizidi. Ekari moja hutumia kilo 1 ya mbegu. Changanya konzi moja ya mbegu na konzi mbili za mchanga laini au mbolea ya supafosfeti ili isirundikane, na funika kwa udongo mwepesi. Ipande siku moja na mahindi. Anayesubiri mahindi yafike magotini ndipo apande desmodiamu amepoteza mbegu.

Palizi ya kwanza ni wiki ya 3 baada ya kupanda. Ya pili ni wiki ya 5. Hapa sina mjadala. Desmodiamu ni mvivu wa kukua mwanzoni, na magugu ya kawaida huipita mbio. Ukichelewesha palizi ya kwanza mpaka wiki ya 5 kwa sababu ulikuwa na shughuli, utakuta magugu yamefika kwenye shavu la mguu, desmodiamu iko chini yake imedhoofika na huioni, na mkono wako utaona njia pekee ni jembe. Ndipo unapoilima. Kosa la jembe karibu kila mara huzaliwa na kosa la kalenda.

Kupalilia kwenyewe kufanyike hivi. Siku ya kwanza jembe libaki nyumbani. Pita kwenye mstari wa desmodiamu kwa mikono, kigingi hadi kigingi, na ung'oe magugu yaliyo ndani ya sentimita 10 kila upande wa mstari, karibu upana wa kiganja. Fanya hivyo udongo ukiwa na unyevu, kwani kwenye udongo mkavu gugu likitoka hutoka na mche wa desmodiamu ulioshikana nalo mizizi. Shikilia udongo kwa vidole vya mkono mmoja na kung'oa kwa mwingine. Ni kazi ya kuchosha, najua, na ndiyo kazi yenyewe. Mstari ukishaonekana wazi kama uzi wa kijani, ndipo jembe linaingia. Kati ya desmodiamu na mahindi una sentimita 37 na nusu. Ukitoa zile 10, jembe linabaki na sentimita 27 na nusu. Zinatosha. Likwangue juu juu, kina kisizidi sentimita 5.

Na vibarua? Hapa ndipo mashamba mengi hufia. Mwenye shamba alihudhuria mafunzo, aliyeshika jembe hakuhudhuria. Kibarua analipwa kwa eneo alilosafisha, kwa hiyo anasafisha. Usimlaumu. Msimu uliopita mama mmoja alinilalamikia kwamba vijana wake "wameharibu" shamba, nami nikamuuliza kama aliwaonyesha mstari. Alikuwa amewaambia kwa simu. Mama yangu, desmodiamu haifundishwi kwa simu! Palilia mstari wa kwanza wewe mwenyewe mbele yao, mpe kila mmoja mche mmoja wa desmodiamu aushike na aupapase, na ujira wa kupalilia kwa mikono uupange peke yake, usiuchanganye na wa jembe. Watoto wanaosaidia baada ya shule nao wafanyiwe vivyo hivyo.

Wakati wa pili wa kosa hili ni baada ya mavuno, na kwangu ndio unaouma zaidi, kwa sababu mkulima amekwisha kushinda sehemu ngumu. Desmodiamu imeshika, imetandaa, imefunika udongo. Inakaribia msimu mpya, anakodi plau, shamba linapinduliwa lote "ili udongo upumue". Desmodiamu ni mmea wa kudumu miaka mingi. Hupandwa mara moja. Mizizi yake huendelea kuamsha na kuua mbegu za kiduha hata wakati hakuna mahindi shambani, ilimradi udongo una unyevu. Huongeza pia naitrojeni na hukinga ardhi isikauke. Ukiilima, unalipa upya mbegu, unalipa upya palizi mbili za mikono, na mbegu za kiduha zilizokuwa chini unazipandisha juu.

Msimu wa pili na inayofuata, usilime shamba. Lima ukanda wa mahindi tu. Pima kutoka vile vigingi vya desmodiamu ulivyoviacha, vuta kamba kwenye mstari wa mahindi, na ufungue ukanda wa upana wa sentimita 30, yaani 15 kila upande wa kamba. Kwa jembe la mkono ni rahisi. Kwa plau ya ng'ombe, mkulima asiyeweza kuahidi kwamba wanyama watapita mara moja tu kwenye ukanda huo bila kuyumba, aache plau. Kabla ya kupanda, kata desmodiamu kwa mundu na kuacha sentimita 6 juu ya ardhi, uwape mifugo. Katika msimu, kila inapotambaa kuelekea mahindi machanga, ikate tena. Mundu hauiui. Jembe ndilo linaloiua. Na mifugo isiachiliwe shambani kiangazi, maana kwato na midomo hung'oa kabisa. Kata upeleke zizini.

Kuhusu nepia nitasema machache, kwa kuwa huko hamkosei sana. Mistari 3 kuzunguka shamba, sentimita 75 kati ya mistari na 50 kati ya mashina, na mita 1 ya wazi kabla ya mahindi. Kipande kisizidi mita 50 kwa 50. Ikifika miezi 3 hivi, anza kukata mstari wa ndani, kisha wa kati, wa nje uwe wa mwisho, na uache sentimita 10 chini. Usifyeke mistari yote kwa siku moja, kwani nondo hutaga usiku na siku hiyo hatakuwa na mahali pengine ila mahindi yako.

Wapo wanaoniuliza kama wapige dawa ya wadudu juu ya vuta-sukuma "kwa uhakika zaidi". Dawa nyingi za viwavi hazichagui. Huua pia nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mwili wa bungua na kummaliza kutoka ndani, na siafu na buibui wanaokula mayai na viwavi. Mwaka 1993 nyigu wa aina hiyo, Cotesia flavipes, aliyeletwa kutoka Asia, aliachiliwa pwani ya Kenya makusudi ili amfuate bungua aliyekuwa ametoka huko huko Asia, na bado anafanya kazi bila kulipwa. Dhidi ya viwavijeshi vamizi, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta mashamba ya vuta-sukuma yenye desmodiamu ya jani la kijani na brakiaria yakiwa na viwavi pungufu kwa zaidi ya asilimia 80 yakilinganishwa na mahindi matupu.

Ukiona mstari wa desmodiamu haukatiki na kiduha kinazidi kuwa haba kila msimu, unaenda vizuri.

Kwa ambaye tayari amelima, shamba bado linaokoka. Ukigundua ndani ya wiki 3 za kwanza na mvua ipo, panda mbegu tena kwenye mapengo siku hiyo hiyo. Ukigundua baadaye, subiri mvua za kwanza za msimu ujao na utumie vikonyo badala ya mbegu. Kata kikonyo kutoka desmodiamu iliyokomaa, yako au ya jirani, chenye urefu wa sentimita 30 hivi na vifundo visivyopungua 3. Fukia vifundo 2 kwenye udongo uliolowa, kimoja kibaki juu, na kandamiza kwa kisigino. Fanya hivyo kwa kila pengo linalozidi nusu mita. Usikate asubuhi ukapanda jioni, kwani vinanyauka haraka. Vifunge kwenye gunia bichi na kuvipanda ndani ya saa chache. Chomeka kijiti kando ya kila kikonyo, ili palizi ya wiki ya 3 isije ikakiondoa tena.