Jinsi ya Kuchunguza Historia ya Reli katika Mji Mdogo wa Mashambani Marekani

Wengi wanaoanza kuchunguza reli ya mji mdogo wa mashambani nchini Marekani hutafuta kwanza mwaka ambao garimoshi liliingia na jina la kampuni iliyojenga njia. Hayo yatapatikana, lakini swali linalofungua mambo ni jingine: kwa nini garimoshi lilisimama hapo? Injini za mvuke zilihitaji maji mara kwa mara, na mkulima alihitaji stesheni ambayo angeweza kuifikia na nafaka yake kwa gari la farasi na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ndiyo maana miji mingi ya nyanda za kati haikufikiwa na reli, bali ilizaliwa nayo. Huko Nebraska, magharibi mwa Lincoln, kampuni ya Burlington ilivipa vituo vyake majina kwa kufuata alfabeti: Crete, Dorchester, Exeter, Fairmont, Grafton, Harvard, na kuendelea. Kwa hiyo lichunguze jina la mji kabla ya waraka wowote.

Kisha utembee. Angalia kama barabara kuu inakomea kwenye reli au inakwenda sambamba nayo, ghala la nafaka liko upande gani, na ni wapi tuta la reli linaendelea shambani ingawa chuma kilikwisha kung'olewa. Ubavuni mwa reli husomeka jina la kiwanda, uzito na mwaka wa kutengenezwa, lakini usiuchukue mwaka huo kuwa ndio wa ujenzi, kwa sababu makampuni yalizoea kung'oa reli zilizokwisha kutumika kwenye njia kuu na kuzilaza upya kwenye matawi. Usiingie kwenye njia bila ruhusa ya mwenyewe, hata kama inaonekana imeachwa.

Katika nyaraka, anza na ramani. Ramani za miji ambazo kampuni ya Sanborn iliyachorea makampuni ya bima ya moto, zilizoanza kuchorwa mwaka 1867, zinaonyesha stesheni, matangi na maghala, na rangi zake hutaja vifaa vya ujenzi: waridi ni matofali, njano ni mbao. Zenye utajiri zaidi, kwa maoni yangu, ni ramani za uthamini zilizotokana na sheria ya mwaka 1913, ambayo iliiagiza Interstate Commerce Commission, tume ya serikali kuu iliyosimamia reli, kukadiria thamani ya mali ya kila kampuni. Humo mna kila kipande cha ardhi, kila kalvati na kila kibanda, na nyingi zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa huko College Park, Maryland.

Magazeti ya zamani hutoa habari za kila wiki, ila yasome kwa tahadhari, kwani wahariri waliotaka mji wao ukue walitangaza reli ambazo hazikujengwa kamwe. Ratiba nazo zina mtego wake: kabla ya tarehe 18 Novemba 1883, makampuni ya reli yalipoanza kutumia saa za kanda, kila mji uliweza kufuata saa yake ya jua.

Usiwasahau watu waliobeba mataruma. Sensa za 1880, 1900 na 1910 zinataja kazi ya kila mtu, hivyo unaweza kuhesabu vibarua wa njia, waendesha telegrafu na wasimamizi wa stesheni nyumba kwa nyumba; sensa ya 1890 karibu yote ilipotea kwa sababu ya moto wa mwaka 1921. Pale ambapo wafanyakazi Wachina, Weusi au wafungwa waliokodishwa walijenga njia, majina yao mara nyingi hayamo katika vitabu vya mishahara, na ni wajibu wako kuliandika pengo hilo waziwazi.

Mwisho, ichunguze siku ya kufungwa kwa bidii ile ile. Tangu sheria ya mwaka 1920, kampuni ililazimika kuiomba tume ile ruhusa kabla ya kuacha njia, na katika majalada hayo utakuta hesabu za mizigo pamoja na ushahidi wa wakulima na wafanyabiashara waliopinga. Ukishayasoma, nenda katika ofisi ya hatimiliki ya kaunti uone ardhi ya tuta iliangukia mikononi mwa nani.