Namna ya Kuanza Kujifunza Hiari ya Mwanadamu na Uteuzi wa Mungu

Anayetaka kulielewa suala hili asianze na Calvin wala Arminius, wanateolojia wawili ambao mafundisho yao juu ya uteuzi yanapingana. Aanze na Farao. Fungua kitabu cha Kutoka, sura ya 4 hadi ya 14, ukiwa na kalamu mkononi, na kila mara moyo wa Farao unapotajwa kuwa mgumu au mzito, andika pembeni ni nani aliyeufanya hivyo. Katika 4:21 Mungu anatangulia kusema kwamba atafanya Yeye. Katika 8:15 Farao anaufanya mwenyewe. Kisha linakuja jambo ambalo wengi hulipita mbio: 9:34 inasema Farao na watumishi wake waliifanya mioyo yao kuwa mizito, na mistari miwili tu mbele, katika 10:1, Mungu anasema kuhusu mioyo hiyo hiyo kwamba ni Yeye aliyeifanya hivyo. Mwandishi hakumfuta yeyote kati ya watendaji hao, nawe usimfute.

Baada ya hapo, tenganisha kujua, kuchagua na kulazimisha. Boethius, mwanafalsafa Mkristo wa karne ya 6, alieleza kwamba kumwona mtu akitembea hakumlazimishi kutembea, na hivyo Mungu aonaye nyakati zote kwa pamoja hamnyang'anyi mtu hiari yake. Hoja hiyo ni nzuri, lakini inagusa kujua peke yake. Warumi 8:29 inataja pia kuchagua, na hapo ndipo penye ugumu wenyewe.

Sasa wasikilize walimu, ukimuuliza kila mmoja alikuwa akilinda nini. Augustino, askofu wa kale, dhidi ya Pelagius aliyefundisha kwamba mtu anaweza kutenda mema kwa nguvu zake mwenyewe, alilinda neema. Arminius alilinda utakatifu wa Mungu, asidhaniwe kuwa chanzo cha dhambi.

Mtu akikujia na hofu kwamba huenda hakuchaguliwa, usimrundikie hoja. Hata Kanuni za Sinodi ya Dort ya 1618 na 1619, mkutano wa kanisa huko Uholanzi uliowapinga wafuasi wa Arminius, ambazo wengi huziona kali, katika sehemu ya kwanza, ibara ya 16, zinawaambia watu wa namna hiyo wasijihesabu miongoni mwa waliokataliwa, bali waendelee kwa bidii kuzitumia njia ambazo Mungu ameahidi kufanya kazi kwazo. Msomee Wafilipi 2:12-13, anapoagizwa kuutimiza wokovu wake na papo hapo kuambiwa kwamba hata kutaka kwake ni kazi ya Mungu, kisha umuulize kwa upole ni nani aliyemtia hamu ya kuwa wake Mungu.